Pesa za ujenzi tulizila wakati wa korona, sasa tufanyeje? Na mlipuko mwingine ukija?

Mwalimu mmoja wa upande wa Malaba, huku kwetu Uganda mpakani na Kenya, ameniandikia, nafupisha: "Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Mimi ni mweka hazina wa parokia yetu, nina miaka miwili kwenye kamati ya fedha. Wakati wa korona sadaka ilikatika kabisa, waliokuwepo wakachota pesa za ujenzi wa kanisa jipya wakalipa makatekista, umeme na chakula cha mapadre. Hakuna aliyeiba lakini hakuna aliyeandika pia. Mpaka leo waumini wakisikia neno ujenzi wanakunja mikono. Kanisa jipya limesimama kwenye linta (usawa wa juu ya madirisha), la zamani linavuja pale sakristia (chumba cha mavazi ya misa). Sasa tumeletewa paroko mpya, anataka mpango wa maandishi ili ugonjwa mwingine ukija tusirudi kulekule. Tunaanzia wapi?"

Milele amina, mwalimu wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu manake hiyo habari si ya kwenu peke yenu. Nimepitia vitabu vya parokia miaka mingi, upande huu wa mashariki na hata kule West Nile, na baada ya 2021 karibu kila daftari nililofungua lilikuwa na shimo lilelile. Ukurasa wa Machi 2020 umeandikwa vizuri kwa wino wa bluu, jumla imepigiwa mistari miwili chini, halafu unafungua ukurasa wa pili unakuta Oktoba. Aprili hamna, Mei hamna, Juni hamna. Nusu mwaka mzima parokia iliishi, watu walikula, taa ziliwaka, mlinzi alilala pale getini kila usiku, na hamna mstari hata mmoja.

Watu wanasema korona iliumiza parokia kwa sababu sadaka ilikatika. Iliumiza ndio, sikatai. Ila nimeona parokia maskini kabisa za kijijini zimetoka salama na waumini wake wanapendana, na nimeona parokia za mjini zilizokuwa na akiba zimetoka zinagombana mpaka leo. Tofauti niliyoiona mimi ni macho. Mlango wa kanisa ukifungwa macho ya watu yanaondoka, hakuna anayeona kapu la sadaka linaenda wapi na hakuna anayeona bati lililofunguka juu ya altare, na kitu kisichoangaliwa kinaharibika, iwe ni pesa iwe ni mbao. Sasa mpango mtakaouandika uwe mpango wa kurudisha macho wakati watu hawapo. Hayo mengine yote nitakayosema hapa yanatoka hapo.

Kwanza hilo deni, manake bila kulimaliza hilo hakuna mpango utakaosikilizwa.

Pesa mliyochukua ilikuwa na jina. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267 aya ya 3, inasema sadaka iliyotolewa na waumini kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilohilo tu. Mama aliyeuza kuku wake akaleta shilingi elfu ishirini za mabati alileta mabati, hakuleta umeme. Kwa hiyo ile pesa mliikopa, na mkopo una mwenyewe. Msiseme "tulitumia kwa shida", semeni "tunadaiwa na mfuko wa ujenzi", hayo maneno mawili yana uzito tofauti sana masikioni mwa mtu aliyetoa.

Fanyeni hivi. Kaeni na wale waliokuwa kwenye kamati wakati ule, wote walio hai, bila kumlaumu mtu, mchukue taarifa za benki za 2020 na 2021 (benki inazo, mnaomba kwa barua ya paroko) muone kila siku iliyotolewa pesa na kiasi gani. Benki haisahau hata kama daftari limesahau. Halafu mkumbuke pamoja ilienda wapi. Katekista anakumbuka alipewa lini, mpishi anakumbuka, token za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, mara nyingi meseji bado zipo kwenye simu ya mtu. Mtapata labda sehemu kubwa, kuna kiasi kitabaki hakina maelezo, hicho muandike hivyohivyo kwamba hakina maelezo. Tafadhali msikitengenezee risiti. Nimeona kamati za watu wazuri wanatengeneza risiti za uongo ili hesabu ikae sawa, na siku ikijulikana wanageuka wezi machoni pa watu wakati hawakuiba hata senti.

Mkishamaliza, karatasi moja tu: tulichukua kiasi hiki, tarehe hizi, kwa kazi hizi, kiasi hiki hatuna maelezo yake, na tutarudisha kiasi hiki kila mwezi mpaka tarehe fulani. Paroko asaini, kamati isaini, nakala iende kwa askofu, halafu isomwe Jumapili misa zote na kwenye vigango vyote (makanisa madogo ya parokia), na ibandikwe mlangoni. Kanuni ya 1287 inataka waumini wapewe hesabu ya vile walivyovitoa, kwa hiyo hamuwafanyii fadhila, ni haki yao. Kiasi cha kurudisha kiwe kidogo mnachoweza kweli. Laki moja kila mwezi bila kuruka inarudisha imani kuliko ahadi ya milioni tano baada ya mavuno. Kuna waumini watakaosimama waseme sisi tuliotoa tunawasamehe hilo deni, hiyo inatokea sana, na ni sawa kabisa kwa pesa yao wenyewe ila iandikwe majina yao na kiasi. Lakini kama ndani ya ule mfuko kulikuwa na pesa ya mfadhili wa nje, huyo muandikieni barua tofauti kupitia jimbo la askofu, na msimsubiri aulize yeye.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe.

Kumbuka mambo yalivyokwenda, manake vijana wengine kwenye kamati yenu walikuwa shule. Rais Museveni alisimamisha ibada za pamoja tarehe 18 Machi 2020, ikasemwa ni siku 32. Watu wakapanga kama ni mwezi mmoja, na hapo ndipo tulipokosea wote. Makanisa yalikuja kufunguliwa Septemba, tena kwa watu 70 tu ndani. Juni 2021 yakafungwa tena, mpaka Septemba 2021 ikaruhusiwa watu 200. Shule zenyewe zilifunguka zote Januari 2022, karibu miaka miwili, na parokia nyingi zinakula kutokana na shule, ukumbi na vibanda vya kukodisha, kwa hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa njaa yenyewe. Huku kwenu mpakani ikawa mara mbili, abiria hawavuki, malori peke yake ndiyo yanapita na madereva wanapanga foleni kusubiri kupimwa, mama muuza chai na kijana wa boda wote hawana kitu, sasa sadaka itoke wapi? Na ule mgao wa serikali, posho (unga wa mahindi) kilo 6 na maharage kilo 3, ulikuwa wa Kampala na Wakiso.

Kwa hiyo ukiandika mpango andika wa miezi sita. Ukiambiwa ni wiki tatu, shukuru, lakini daftari lako liwe la miezi sita.

Hesabu ya kwanza ya kufanya, na hii uifanye leo kabla hakujatokea ugonjwa wowote, ni kujua pesa yenu nyie wenyewe ni ipi. Nikupe mfano, si parokia ya mtu, ni mfano tu. Benki kuna milioni 9, kamati inatembea kifua mbele. Ndani yake milioni 6 na laki 2 ni za ujenzi. Laki 7 ni sadaka za nia za misa (misa za kuombea nia ya mtu) ambazo watu wameshatoa na misa hazijasomwa bado. Laki 6 ni michango iliyokusanywa kwa agizo, ile ya Ijumaa Kuu ya Nchi Takatifu, ile ya Mtume Petro, ile ya misioni, inasubiri kupelekwa jimboni. Toa zote hizo, parokia ina milioni moja na nusu. Sasa matumizi ambayo huwezi kuyakwepa: makatekista sita kwa laki moja moja, mlinzi laki 2, mpishi laki 2, umeme laki na nusu, maji elfu hamsini, mafuta ya pikipiki laki 2, mchango wa jimbo laki 3. Jumla milioni 1 na laki 7 kwa mwezi. Unaona? Parokia yenye milioni 9 benki haiwezi kumaliza mwezi mmoja mlango ukifungwa. Watu wakijua hiyo namba wanaacha kushangaa kwa nini kamati iligusa pesa za ujenzi mwezi wa pili tu.

Hiyo ndiyo sababu nawaambia mfungue akaunti mbili, au kama benki inawakata sana basi akaunti moja lakini daftari lenye kurasa tofauti kwa kila jina la pesa, na kila mwisho wa mwezi jumla za hizo kurasa zilingane na benki. Halafu muanze mfuko wa dharura. Msingoje mpate nyingi. Sehemu moja ya kumi ya sadaka ya kila Jumapili iingie humo mpaka ifike matumizi ya miezi mitatu, itachukua hata miaka, haidhuru. Na mfuko huo upewe kanuni zake kabla shida haijafika: nani anaruhusu kuufungua, kwa jambo gani, na taarifa inatoka siku ngapi baadaye. Kuhusu nia za misa, hizo paroko ana wajibu wake mwenyewe, anaendelea kusoma misa hata kanisa likiwa limefungwa, ila asipokee nyingi kuliko anazoweza kumaliza ndani ya mwaka mmoja, hiyo ni kanuni ya 953, na kitabu chake kisikae na cha sadaka.

Pesa ikipungua mnakata nini kwanza? Hapa nina msimamo mkali kidogo. Kata mafuta, kata chai za vikao, kata sherehe zote, simamisha ujenzi, omba jimbo mapema lisogeze mchango wake. Mlinzi usimguse, manake jengo tupu linamhitaji kuliko jengo lenye watu. Na makatekista wawe wa mwisho kabisa. Kwenye vigango vyenu wakati wa korona nani aliyezika watu? Mapadre walikuwa hawawezi kutembea, katekista ndiye aliyesimama pale kaburini na watu wachache walioruhusiwa, amevaa barakoa ya kitambaa, anasoma sala. Huyo humwambii nenda nyumbani tutakuita. Kama lazima kupunguza, pungueni wote pamoja kuanzia nyumba ya mapadre, kwa maandishi, na mjazie kwa mahindi na maharage kutoka shamba la parokia. Kanuni ya 1286 inasema anayefanya kazi ya Kanisa alipwe kwa haki na sheria za kazi za nchi zifuatwe, na siku hizi NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ni ya kila mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja, sheria ilibadilika 2022, kwa hiyo hilo nalo liingizwe kwenye hesabu.

Sadaka kwa simu. Wengi mlianza wakati wa korona kwa haraka, paroko anatangaza namba yake kwenye redio ya jimbo au kwenye WhatsApp, watu wanatuma. Nia ilikuwa nzuri lakini naomba hiyo njia msirudie. Kuna parokia moja nilienda kuwasaidia, laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mzee wao wa kanisa, mtu mwaminifu sana, akafariki 2021 katikati ya wimbi la pili. Pesa za parokia zikabaki ndani ya laini ya marehemu, watoto wake hawajui ngapi ni za baba na ngapi za kanisa, ikabidi barua za mahakama na za LC (serikali ya mtaa), miezi mingi, na familia iliyofiwa inatazamwa kama imekalia pesa za Mungu. Fungueni laini ya biashara yenye jina la parokia kwa idhini ya jimbo, anayeshika simu asiwe anayejua namba ya siri, na kila mwezi taarifa ya laini ichapishwe ibandikwe ndani ya daftari. Na pesa ikifika isikae humo, iende benki, ukikumbuka kwamba kutoa kuna makato na ile kodi ya nusu asilimia, hivyo ziandikwe: iliingia ngapi, ilikatwa ngapi, ikafika benki ngapi. Watu wa kijijini wanajua makato vizuri sana, ukiyaficha watakuuliza.

Jumuiya ndogo ndogo ndizo zilizoshika parokia nyingi wakati ule. Nyumba kumi, mama mmoja ana daftari, anapita nje ya ua anapokea bahasha au sahani ya mtama. Wapeni madaftari yenye nakala ya kaboni sasa hivi, yakae tayari. Na vyakula viandikwe kama pesa inavyoandikwa, debe moja mahindi kutoka kwa fulani, kuku mmoja, ndizi mkungu mmoja. Mtu aliyeleta kuku wakati nyumbani kwake hawajala nyama mwezi mzima, akikuta jina lake halipo kwenye orodha, hilo ni kidonda.

Kuhesabu: wakati misa zinasomwa na watu watatu ndani kunakuwa na kishawishi cha kumwachia mtu mmoja ahesabu kile kidogo kilichopo. Hapana. Wawili kila mara, wasio ndugu, karatasi isainiwe pale mezani, ipigwe picha itumwe kwenye kundi la kamati kabla hawajatoka sakristia. Hiyo picha ndiyo yale macho niliyokuambia.

Sasa majengo, na hapa naomba unisikilize maana wengi huwa wanaruka.

Angalia ile tarehe tena, 18 Machi. Kanisa lilifungwa wakati masika yanaanza. Aprili na Mei mvua zote zilinyesha juu ya paa ambalo chini yake hakuna mtu wa kusema baba tone linaniangukia. Kawaida jengo la kanisa lina watu mia tano wanaolikagua kila Jumapili bila kujua, bibi anahama benchi kwa sababu linalowa, mtoto anaonyesha popo juu, kwaya inalalamika taa imekufa. Mkiwaondoa hao wote nani anabaki? Nilifunguliwa kanisa moja Septemba 2020, nikaingia na paroko, tukasikia harufu kabla hatujaona. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka ufa wa sakafu wakajenga udongo wao kwenye miguu ya mabenchi ya upande wa kushoto, ukigusa ubao kidole kinaingia. Kabatini kasula ya kijani ina ukungu mweupe mabegani, misale kurasa zimeshikana. Kinanda cha kwaya panya wamekula nyaya. Betri za sola zimekufa manake hakuna aliyeziangalia miezi sita. Ile hasara ilizidi kwa mbali pesa ambayo wangemlipa mtu mmoja afungue madirisha.

Kwa hiyo andika kwenye mpango: kila Jumanne na Jumamosi watu wawili, majina yao yapo, wanafungua milango na madirisha yote saa mbili nzima, wanatembea na daftari. Wanaangalia dari kama kuna doa jipya, miguu ya mabenchi, kabati la mavazi linafunguliwa yapigwe hewa, gata zinatolewa majani, waya wa kinga radi upo bado au umekatwa. Huo waya wa shaba unaibiwa sana jengo likiwa kimya na watu hawajui mpaka siku ya ajali, na radi za Uganda si mchezo, Novemba 2024 kule Palabek, Lamwo, watu 14 waliuawa wakiwa kwenye sala. Mara moja kwa mwezi wazunguke mpaka wa ardhi yote wakiwa na LC1 na jirani mmoja, wapige picha za mawe ya mpaka. Wakati wa lokdauni kuna ardhi za vigango zililimwa na majirani msimu wa kwanza kwa njaa, msimu wa pili zikawa na nyumba. Hati iko kwa wadhamini wa jimbo ndio, lakini hati haisimami shambani ikasema toka. Na kama mna bima ya jengo someni kipengele cha jengo kukaa bila watu, zingine zinakataa kulipa kama limefungwa siku nyingi bila kuwaarifu.

Mkifunguliwa na masharti, pesa nyingine inapotea kwenye usafi usiohitajika. Ujue ugonjwa mnaopambana nao ni upi kabla hamjanunua kitu. Korona inapita zaidi kwenye hewa, kwa hiyo dirisha lililo wazi lilikuwa na faida kuliko kupuliza dawa, na WHO wenyewe Mei 2020 walisema kupulizia dawa ovyo hakusaidii. Lakini watu walinunua mapipa ya klorini wakapuliza mabenchi mpaka vanishi ikatoka, wakafuta na kalisi na mlango wa tabernakulo, metali ikaliwa ikawa na madoadoa. Vyombo vitakatifu ni maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha kitambaa kikavu. Ebola ni kitu kingine, inapita kwenye majimaji ya mwili, pale kunawa na klorini ni uhai kabisa, na kugusana na maiti ndiyo hatari kubwa, hivyo fungu lenu litaenda kwenye maji, sabuni, glavu na mafunzo ya mazishi. Sanitaiza ya spiriti isikae karibu na mishumaa, mtu amepaka mkononi haijakauka anawasha mshumaa, hiyo inaungua kweli. Na hayo majerikani ya kunawia yawekwe mbali na ukuta, hatua tatu nne, mchimbe shimo dogo la kokoto chini yake, manake nimeona misingi ya makanisa imelowa mwaka mzima na plasta imevimba sababu ya maji ya kunawa mlangoni.

Watu 70 kwa misa nako kuna hesabu yake. Parokia ya watu mia saba ingehitaji misa kumi ili wote waingie, hakuna padre wa kufanya hivyo kila Jumapili. Waliofanikiwa waligawa jumuiya kwa zamu, kila jumuiya inajua Jumapili yake, na misa ikahamia vigangoni katikati ya wiki chini ya mwembe. Mwembe haulipiwi umeme. Wasiopata zamu wakasikiliza Radio Maria. Sadaka ya misa moja ilikuwa ndogo lakini watu hawakupotea, na hao ndio waliorudi wote baadaye.

Kuhusu kanisa jipya kwenye linta. Ujenzi ukisimama usimame kwenye hatua inayoweza kulala. Sasa hivi lenu limelala vibaya kama juu ya kuta kuko wazi, mvua inaingia katikati ya matofali inakula udongo na saruji. Tafuteni mabati ya zamani mfunike kichwa cha ukuta chote, yawekewe matofali juu yasipeperuke, nondo zinazochomoza zipakwe uji wa saruji zifungwe nailoni. Saruji iliyobaki msiihifadhi kabisa, baada ya miezi mitatu inakuwa jiwe, itumieni au muiuze. Na kwenye mkataba ujao na fundi msilipe kazi ambayo haijafanyika, na muweke kipengele kwamba serikali ikifunga shughuli tunasimama bila faini, fundi analipwa alipofika. Kuanza ujenzi mkubwa si jambo la paroko na nyie peke yenu, ni lazima askofu aruhusu kwa maandishi, hiyo ni kanuni ya 1281, na inawalinda nyie zaidi ya mtu yeyote.

Msiweke kwenye mpango "tutaomba msaada nje". Aprili 2020 Papa Fransisko alianzisha mfuko wa dharura kupitia Mashirika ya Kipapa ya Misioni, ukaanza na dola 750,000 kwa nchi zote za misioni duniani. Gawanya hizo kwa majimbo yote uone parokia moja inapata nini. Msaada wa karibu ni parokia jirani. Ebola ya 2022 ilitufundisha hilo, Oktoba 15 zikafungwa Mubende na Kassanda peke yake, nyumba za ibada zimefungwa kule na huku kwingine watu wanasali kama kawaida, ikaendelea mpaka Desemba. Mlipuko wa namna hiyo unawakamata nyie tu na nchi nzima haisikii. Kwa hiyo kaeni na parokia mbili tatu za dekania yenu (kundi lenu la parokia jirani) mkubaliane sasa, kwa maandishi, mmoja akifungwa wengine wanatoa sadaka ya Jumapili moja kila mwezi kwa ajili yake.

Mengine mtajaza wenyewe na paroko wenu, namuona ni mtu anayetaka kazi iende. Ila wewe mwalimu, kabla ya kikao cha kwanza, chukua ngazi upande pale sakristia uangalie hilo bati, mara nyingi ni msumari umelegea na mpira wake umekufa, kazi ya asubuhi moja. Lizibwe wiki hii kabla ya Machi, risiti ya misumari uibandike mlangoni pamoja na ile karatasi ya deni, na Jumapili ukisimama kusoma watu wawe wameshaiona.